Samaki wa kuoka mwenye ganda kavu: niliyojifunza nikimpikia baba

Samaki mweupe na ganda la juu yake haviivi kwa muda mmoja. Jambo hilo lilinigharimu fedha, samaki wazuri na jioni nyingi za kuvunjika moyo kabla sijalielewa, na ningependa mwenzangu alijue kabla hajawasha oveni. Mnofu wenye unene wa sentimita mbili na nusu huiva kwa dakika kumi hivi kwenye moto mkali. Chenga za mkate zilizomwagwa juu yake zikiwa mbichi zinataka muda mrefu zaidi ya huo ili zikauke na kushika rangi. Ukizisubiri, samaki anakauka mpaka anashikilia kooni. Ukimtoa samaki kwa wakati wake, chenga zinabaki nyeupe, zimelowa, na hakuna wa kuzila. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinatokana na mvutano huo.

Nilianza kuoka samaki kwa sababu ya baba. Ni mstaafu wa bandarini, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, na maisha yake yote samaki kwake ni yule aliyekaangwa mpaka mapezi yanalia yakitafunwa. Presha ilipompanda, kliniki walimwambia mambo mawili: chumvi ipungue, na vitu vya kukaangwa kwenye mafuta mengi viwe vya nadra. Tuliporudi nyumbani Temeke nikaanza kumpikia chukuchuku, kwa ndimu na nyanya, chumvi ya kunusia tu. Siku za mwanzo alikula bila neno. Baadaye akawa anamega tonge mbili, anasema Alhamdulillahi, ananawa mikono.

"Baba, mbona hujala?"

"Nimeshiba, mama."

Nilijua hajashiba. Shati zilianza kumpwaya mabegani, na mpishi wa nyumba ile ni mimi. Nilikuwa natoka kazini Posta, napanda daladala, nafika nimechoka na foleni ya Kilwa Road, nasimama jikoni nikijua kabisa kwamba ninachopika hakitaliwa. Inauma kuliko nilivyodhani. Jioni moja nikambana, naye akaniambia taratibu: "Samaki wa kuchemsha ni wa mgonjwa, mwanangu. Kila akiwekwa mbele yangu nakumbuka naumwa."

Kauli ile ilinisaidia. Nikatambua kwamba mafuta yenyewe hayakuwa yakimsumbua sana. Alikosa kitu kikavu cha kutafuna, kitu chenye mlio, alama ya chakula cha mtu mzima mwenye afya. Nikaamua nitautafuta mlio huo bila sufuria la mafuta.

Jiko letu ni la plate nne za gesi lenye oveni ya umeme chini, na oveni hiyo, kama zilivyo nyingi hapa mjini, ilikuwa kabati la masufuria. Nikatoa masufuria, nikasugua trei kwa stilwaya, nikanunua pakiti ya minofu ya sangara iliyogandishwa. Niliiyeyusha harakaharaka kwenye maji ya bomba. Nikaipaka ndimu, tangawizi na kitunguu saumu kama tunavyofanya kwa samaki wa kukaanga, nikaiacha tangu adhuhuri mpaka magharibi. Nikanyunyiza unga wa dona juu, nikafunika kwa foili nikihofia usiungue, nikaisukuma kwenye oveni ambayo ndiyo kwanza nimeiwasha. Iliyotoka ilikuwa chukuchuku nyingine, safari hii ina unga unaokwaruza meno. Baba alikula kidogo kwa heshima yangu.

Nilirudia wiki zilizofuata, nikibadilisha kitu kimoja na kuacha vingine, na samaki wengine waliishia kwa paka wa jirani. Ilinichukua muda kuona kwamba makosa yote yale yalikuwa na baba mmoja, nayo ni maji.

Nyama ya samaki mweupe ni maji kwa karibu asilimia 80 ya uzito wake. Sehemu iliyolowa, hata oveni ikiwa kali namna gani, haivuki nyuzijoto 100 mpaka maji yale yageuke mvuke na kuondoka. Rangi ya dhahabu na ile harufu ya kuokwa huanza kuja kwa nguvu joto likikaribia nyuzi 140. Kwa hiyo chenga mbichi zilizolala juu ya mnofu unaotoa maji haziokwi, zinachemshwa. Foili inafungia mvuke ndani. Samaki aliyegandishwa na kuyeyushwa kwa haraka anavuja maji zaidi, kwa sababu barafu ilipasua nyama yake kwa ndani. Ndimu iliyokaa saa nyingi imeshaanza kuiivisha nyama hata kabla ya moto, inaifanya iwe na ungaunga na kutoa majimaji. Oveni isiyo na joto la kutosha inamchemsha taratibu kwenye maji yake mwenyewe.

Nilipolielewa hilo, nikaacha kutafuta kiungo cha ajabu nikaanza kupigana na maji, tangu sokoni.

Samaki nanunua Feri, Kivukoni, Jumamosi alfajiri mnada ukiwa umechangamka. Siku moja baba aliniambia tutakwenda wote. Sikutarajia, maana alikuwa hata barazani hatoki. Alivaa kofia yake, tukapanda daladala la kwanza kwanza, na pale sokoni akawa mtu niliyemjua zamani. "Shikamoo mzee," wachuuzi wanamsalimia, naye anaitika marahaba huku mkono umeshafika kwenye shavu la samaki. Alinifundisha kwa kunionyesha: jicho liwe limetuna na linang'aa, lisiwe limezama wala kuwa na ukungu. Ufunue shavu, ndani kuwe kwekundu kama damu. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi yenyewe. Na unuse, samaki mbichi ananuka bahari, hanuki samaki. Mwenye duka akikuonyesha minofu tayari isiyo na kichwa, vipimo viwili vya kwanza hunavyo, kwa hiyo bonyeza na unuse mara mbili. Niliwahi kuuziwa minofu iliyogandishwa ikayeyushwa na kupangwa juu ya barafu kama ya asubuhi ile, nikalipa bei ya samaki mbichi. Iliniachia kikombe kizima cha maji kwenye trei.

Kuhusu aina ya samaki nina msimamo. Chewa ndiye mfalme wa pishi hili: mnofu mnene, mweupe, mtamu, unaachia vipande vikubwa ukiguswa na uma. Ni ghali, na miezi ya kusi bahari ikichafuka, hasa Juni na Julai, boti nyingi haziendi mbali na bei inapanda zaidi. Jumamosi moja ya kusi nililipa shilingi 18,000 kwa kilo, nikasita, nikalipa. Kaskazi ikitulia, kuanzia Desemba hivi, unaweza kuchagua kwa raha. Changu ni mtamu sana lakini mnofu wake ni mwembamba na miba ni mingi. Mfae kwa kumwoka mzima. Songoro na kolekole wanafaa, nyama yao imekaza kidogo. Sangara wa Mwanza hadharauliki hata kidogo. Ni mnene, hana miba midogomidogo ya kusumbua, anavumilia makosa ya mpishi anayeanza, na bei yake ni nafuu kuliko chewa. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na sangara.

Jodari mwache. Yeye huogelea bila kusimama, nyama yake imejaa protini nyekundu inayotunza hewa, na ukimwoka kwa namna hii anakauka na kuwa mgumu. Chewa na changu hukaa miambani, huchomoka ghafla kisha hutulia, ndiyo maana nyama yao ni nyeupe. Mafuta yao machache yapo zaidi kwenye ini kuliko kwenye mnofu, na hapo ndipo penye hatari kwa mpishi: hakuna mafuta ndani ya kumlinda samaki dhidi ya moto uliopitiliza. Dakika tatu za ziada zinatosha kumharibu.

Nguru ni mgogoro wa nyumbani kwetu, kwa sababu baba anampenda. Anaokeka, vipande vya mviringo vyenye unene wa kutosha, japo hukauka upesi. Ila nguru, jodari na vibua ni ukoo mmoja, na wana tatizo ambalo wengi wetu hatulijui: wakikaa kwenye joto, hujenga ndani ya nyama kitu kiitwacho histamini, ambacho hakiondoki kwa kupikwa, kuokwa wala kugandishwa. Mlaji anaweza kuwashwa midomo, kuwa mwekundu usoni, kuumwa kichwa, hata kama samaki aliiva vizuri. Na joto la Dar halimsubiri mtu. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019 wengi tunakwenda sokoni na vikapu, lakini kwa samaki beba ndoo yenye mfuniko, nunua barafu pale pale, mlaze samaki katikati ya barafu. Mwendo wa daladala kutoka Kivukoni mpaka Temeke unaweza kuwa nusu saa na unaweza kuwa saa mbili.

Waparaji wapo sokoni. Mwambie kabla hajainua kisu: "Nitolee minofu, ngozi ya upande mmoja uiache." Usipowahi atakukatia vipande vya mchuzi, kwa kuwa ndivyo wengi wanavyotaka. Ngozi inakaa chini kwenye trei na kuilinda nyama. Kichwa na mifupa rudi navyo nyumbani kwa supu; umevilipia.

Nikifika nyumbani, mnofu wa kuliwa siku ile unaingia kwenye friji bila kufunikwa kubanwa, juu ya chujio lililowekwa ndani ya bakuli, ili maji yadondoke. Wa kugandisha naugawa vipande vya mlo mmoja mmoja, nakausha, nalaza bapa ili ugande upesi. Kuganda kwa haraka hakuumizi nyama sana. Na kuyeyusha ni ndani ya friji usiku kucha. Jioni ya Jumanne nataka kula samaki, Jumatatu usiku namhamisha kutoka friza. Nikisahau, tunakula maharage.

Sasa ganda, ambalo ndilo lililorudisha tabasamu.

Linapikwa peke yake, kabla, kwenye kikaango. Kwa nusu kilo ya minofu nachukua slesi tatu au nne za mkate uliolala, navunjavunja kwa vidole mpaka zipatikane chenga za ukubwa tofauti. Chenga kubwa ndizo zinazolia mdomoni, za unga unga zinajaza nafasi. Mkate laini wa siku hiyo hiyo haufai mpaka uukaushe kwanza. Naweka kikaango kwenye moto mdogo na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, namimina chenga, nageuza bila kuondoka. Zikianza kubadilika naongeza punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa na pilipili manga. Usiweke kitunguu saumu mwanzoni, kitaungua na kuwa kichungu kabla mkate haujawa tayari. Zikiwa za dhahabu, kama zinavyotakiwa kuonekana mezani, nazitoa mara moja na kuzimwaga kwenye sahani, maana kikaango chenye joto kinaendelea kuzichoma hata moto ukiwa umezimwa.

Hapo tayari una ganda lililoiva. Kazi ya oveni inabaki moja tu, kumwivisha samaki.

Nilijaribu mengi ya kuongezea. Korosho zilizopondwa kwenye kinu, konzi moja, zinapendeza sana. Tafuta zisizo na chumvi. Crisps za muhogo zinalia kuliko kitu chochote, na watoto wa dada yangu wakija ndizo wanazodai, lakini zimeshakaangwa na kutiwa chumvi, kwa hiyo sahani ya baba haziendi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja, na mkate wenyewe tayari una chumvi. Ganda la ndimu lililokunwa, ile kijani ya juu tu bila weupe wake mchungu, linafanya kazi ya chumvi kwa kiasi ambacho sikukitegemea. Majani ya giligilani nayaweka mwishoni, mezani.

Ninachokipenda kuliko vyote ni machicha. Siku nikikamua tui la wali, machicha ya nazi siyatupi. Nayakamua mpaka yakauke, nayachanganya na chenga za mkate, sehemu moja ya machicha kwa mbili za mkate, nayapitisha kwenye kikaango kwa moto mdogo sana. Yanashika rangi ghafla, ukigeuka kuchukua mwiko umechelewa. Yakiwa tayari nyumba nzima inanukia samaki wa kupaka wa kwao Kilwa. Siku ya kwanza nilipoyatumia baba aliita kutoka barazani, "Mama, unachoma nini humo?" Aliuliza kwa hamu, na nilikuwa sijaisikia hamu hiyo katika sauti yake kwa miezi.

Jioni yenyewe inakwenda hivi. Nawasha oveni nyuzi 220 angalau dakika kumi na tano kabla, trei ikiwa ndani. Trei yenye joto inamshika samaki kwa chini mara anapowekwa. Kwa kuwa kitufe cha oveni yetu kinasema jambo na ndani kuna jambo jingine, nilinunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni, nikagundua kwamba ikiandika 220 ndani ni 190. Kile kifaa ndicho fedha niliyoitumia vizuri kuliko yote katika safari hii. Wakati oveni inapata moto, nampaka samaki chumvi kiduchu, namwacha dakika kama kumi, maji yanatokeza juu, nayafuta kwa kitambaa safi cha jikoni mpaka mnofu uwe mkavu ukiugusa. Mkia wa mnofu ambao ni mwembamba naukunja chini yake ili unene ulingane. Napaka juu tabaka jembamba la mtindi mzito uliochanganywa na haradali kidogo, liwe gundi tu. Likiwa nene, umerudisha maji uliyoyafuta. Nabonyeza chenga juu kwa kiganja, tabaka la unene wa nusu sentimita hivi, nalaza kwenye trei ya moto, vipande visigusane.

Kitambaa hicho kinakwenda kuchemshwa, na mikono na ubao vinaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa kachumbari.

Kisha dakika kumi kwa mnofu wa sentimita mbili na nusu, nane kwa mwembamba zaidi, na sifungui mlango katikati. Kumjua aliyeiva si vigumu. Choma ncha ya kisu katikati ya sehemu nene, pindua kidogo. Nyama ikiwa bado ina ung'avu kama kioo na imeshikamana, muongeze dakika moja au mbili. Ikiwa nyeupe yote na inaachana kwa tabaka bila kulazimishwa, mtoe. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 63 katikati. Ukiona vitone vyeupe vinachuruzika pembeni vikigandia kwenye trei, moto umeanza kuzidi.

Ndimu inakamuliwa mezani, na kila mtu na yake. Nyanya zinakaa kwenye kachumbari. Niliwahi kumlaza samaki juu ya slesi za nyanya kwa kuwa picha ilipendeza, zikatoa maji na kuniharibia kila kitu.

Na tafadhali, usimtie kwenye hotipoti. Najua tulivyolelewa: chakula kinaiva saa kumi na mbili, kinawekwa kwenye hotipoti, watu wanakula wakishatimia. Ganda la kuoka halina subira hiyo. Ukifunika tu, mvuke wa samaki unalilowesha ndani ya dakika chache. Mimi nilibadilisha mpangilio wa nyumba. Kila kitu kinakuwa tayari, samaki ameshavikwa chenga anasubiri kwenye friji, oveni inawaka. Baba akirudi kutoka kuswali isha, nikisikia mlango wa geti, ndipo trei inapoingia. Akimaliza kubadilisha kanzu, anakuta mkeka umetandikwa na samaki ndiyo anatoka. Wageni wakija wanashangaa kusubirishwa dakika kumi, wakishaonja hawashangai tena.

Umeme nao una mambo yake. Kuna jioni ulikatika oveni ikiwa imefika nusu ya moto wake, samaki ameshapakwa, baba yuko njiani. Nilimpigia simu shangazi yangu wa Mbagala, anayeoka mikate ya kumimina kwa biashara, akanijibu bila hata kufikiri: "Si umpalie?" Sikuwa nimewaza kwamba njia ya bibi zetu ndiyo inayolifaa pishi hili kuliko oveni yenyewe. Nilipasha sufuria nzito ya bati kwenye jiko la mkaa, moto wa chini kidogo. Samaki nikamlaza kwenye sahani ya bati ndani yake, nikafunika kwa mfuniko bapa na kupanga makaa mekundu juu ya mfuniko, mengi kuliko ya chini. Moto wa juu unalikausha ganda huku mnofu ukiiva taratibu kwa chini. Ulichukua kama robo saa, na nilifunua mara moja tu, kwa tahadhari majivu yasiingie. Sasa hata umeme ukiwepo, siku ya mapumziko nikiwa na nafasi, napalia. Fanya nje au penye hewa ya kutosha. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua.

Kuhusu gharama, nizungumze wazi. Oveni ya wati 2,000 kama yetu ikiwaka nusu saa mfululizo haizidi uniti moja ya umeme. Mafuta ni vijiko viwili badala ya nusu lita ya kukaangia. Samaki ndiye ghali, na kwenye kukaanga ungemnunua vilevile. Hasara yangu kubwa ilikuwa ya kujifunza kwa chewa wakati ningeweza kujifunza kwa sangara.

Baba hali hivi kila siku, na wala sijamkataza kabisa yule wa kukaanga. Idi tunamkaangia changu wake. Siku za kawaida tuna ugali, mchicha au bamia, kachumbari, na samaki huyu mara mbili kwa wiki. Anamaliza. Kuna usiku anauliza kama amebaki.

Akibaki kweli, asubuhi usimpashe kwa maikrowevu, ganda linalegea lote. Mrudishe kwenye oveni ya moto dakika tano bila kufunika, au mchambue, ukaushe zile chenga upya kwenye kikaango kikavu, uvikunje vyote ndani ya chapati na pilipili.

Na kama huna oveni wala mkaa, usikate tamaa. Mnofu uliokaushwa vizuri unaiva kwenye kikaango kizito chenye tone la mafuta, ngozi chini, mfuniko juu, moto wa wastani, dakika saba au nane bila kumgeuza. Chenga unakuwa umeshazikaanga pembeni. Funua, mwache dakika moja mvuke uishe, mpakue, ndipo umwage chenga juu akiwa ameshafika kwenye sahani ya mlaji.